Akina Kambale wa Mulekera

Mtaani kwao Butembo watu walimwona Bénite Kavugho kuwa mwanamke mwenye akili timamu, hadi siku walipochungulia chumba kilicho nyuma ya jiko lake. Wenzake huweka humo makaa, ndoo na magunia ya maharagwe. Yeye aliweka kompyuta tatu. Chini ya meza kulikuwa na betri nne za lori zilizoungwa pamoja, kando yake mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na ukutani kisanduku chenye taa ndogo za kijani zilizokonyeza mchana kutwa. Kutoka kwenye kisanduku hicho waya mmoja wa buluu ulipita dirishani, ukavuka ua, ukaruka ukuta na kuingia ofisi ya kanisa la jirani, ambako kulikuwa na kompyuta nyingine mbili. Waya wa pili uliingia sebuleni. Huko ndiko ulikokuwa ufalme wa mumewe, Jéthro Maliro, dereva wa lori la viazi na vitunguu kutoka Kirumba: televisheni ya inchi ishirini na tisa, mashine ya VCD, na spika mbili zilizompita kimo mtoto wao wa mwisho.

Kompyuta zile zilikuwa na majina. Kwa Wanande, kabila lake, mtoto huzaliwa akakuta jina linamngoja, maana jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho. Basi mashine ya kwanza, iliyofika mwaka 1999 ndani ya kontena kutoka Dubai, Bénite akaiita Masika. Iliyofuata ikawa Kavira. Ya tatu haikuwa na budi kuitwa Kavugho, ingawa hilo lilikuwa jina lake mwenyewe, kwa sababu naye alizaliwa binti wa tatu huko Kirumba. Jéthro alifurahia sana jambo hilo. Kila aliposikia mkewe akigombana na mashine ya tatu, alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake:

“Leo Kavugho iko napigana na Kavugho! Nani atashinda?”

Kazi yenyewe Bénite hakufundishwa na mtu. Alikuwa karani wa mfanyabiashara wa vitenge. Tajiri huyo alileta kompyuta kutoka safari zake, akaiweka ofisini na kuifunika kitambaa cha meza, ikakaa pale miezi minne kama pambo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiwasha. Siku moja Bénite alichoka kuipangusa vumbi. Akaomba ruhusa ya kusoma kitabu chake cha maelekezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Alikaa na kamusi wiki tano, neno kwa neno, na wenzake wakimwita Mama Kamusi. Wiki ya sita mashine ikawaka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo tena. Mwanamke huyo alikuwa na ubishi wa kipekee: kitu kikimshinda leo, kesho atakuwa mbele yake kabla ya chai. Ilipofika mwaka 2002 ndiye aliyetunza kompyuta za ofisi ya kanisa, za zahanati yake, na za matajiri wawili watatu waliokuwa wakijidai kwamba wanazijua.

Kazi ya watu wote aliihifadhi ndani ya Masika. Kila siku saa sita mchana, Kavira alinakili chochote kilichomo ndani ya Masika, kisha wote wawili wakawa sawasawa, ili mmoja akifa mwingine abaki. Kavugho yeye alitunza kwaya na filamu za Jéthro. Bénite alijivunia mpango huo, na alikuwa na haki, maana wakati ule umeme wa kampuni haukuwepo, mafuta ya jenereta yalipatikana kwa bahati, na hata serikali ya kumwuliza mtu habari za umeme haikujulikana ni ipi.

Desemba mwaka huo vita vilipamba moto upande wa Mambasa. Watu walitembea msituni majuma mawili, matatu, wakapitia Biakato, wakatokea Mangina, kisha Beni, miguu imevimba na watoto wakiwa mgongoni. Familia zilikatikakatika njiani. Mume alifika bila mke, mtoto alifika na jirani. Makanisa ya Butembo na Beni yakaunda kamati, na kamati ikamjia Bénite: tunataka orodha moja ya wote waliofika, ili anayetafuta ndugu yake ajue pa kumpata. Akakubali kabla hawajamaliza kusema.

Beni majina yaliandikwa katika madaftari ya wanafunzi. Katika shule ya msingi ya Mulekera, ambako wakimbizi walijaza madarasa, mwandishi alikuwa mwalimu Sadrack, mtu mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi. Jina, mahali alipotoka mtu, umri. Madaftari yalifika Butembo kwa pikipiki, Bénite akapiga majina yote kwenye kompyuta, akayarudisha madaftari. Mwaka ukikaribia kwisha alikuwa na watu elfu tano mia mbili na kumi na wanne, na vidole vilivyomuuma hata kushika kijiko.

Sasa lije kosa. Mgeni wa shirika moja alipita Butembo, akatazama orodha ile, akaisifu, akamwachia Bénite disketi yenye programu ya kusafisha. Watu wengine wameandikwa mara mbili, alisema, na hilo lilikuwa kweli. Programu ililinganisha jina na mahali alipotoka mtu. Vikifanana, ni mtu mmoja. Bénite akaiwasha asubuhi. Mashine ikauliza kama afute waliorudiwa, naye akajibu ndiyo. Mnande huyu, mwenye Masika na Kavira chini ya paa lake, akajibu ndiyo! Saa sita Kavira akanakili, kwa uaminifu wake wote. Siku ya pili orodha safi ilichapwa, ikapelekwa na kubandikwa kwenye milango ya makanisa ya Butembo na kwenye mlango wa shule ya Mulekera. Bénite akalala vizuri, na hilo sitalificha.

Alhamisi ya kwanza ya Januari alikuja nyumbani kwake mwanamke aitwaye Orpa. Alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana, naye alikuwa amehifadhiwa na dada yake hapo Butembo. Hakukaa alipokaribishwa.

“Mama, miye natafuta mutoto yangu, Kambale Edmond. Mutu alitoka Beni akaniambia, mwalimu wa Mulekera alimuandikaka, alimuona na macho yake.”

Bénite alimpeleka chumba cha nyuma, akatafuta. Jina lilitokea mara moja: Kambale Edmond, Mambasa.

“Ni huyu, mama. Iko Mulekera. Myaka makumi ine na moja.”

“Yangu iko na myaka kumi na kenda.”

“Labda walikosea myaka.”

“Kumi na kenda na makumi ine? Huyu hapana mutoto yangu. Angalia mwingine.”

“Mwingine hakuna. Ordinatere inaonesha mumoja tu.”

Orpa alitazama mashine, kisha akamtazama yeye, polepole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

“Mu batu bote ba Mambasa, Kambale Edmond mumoja tu? Weye hapana Munande?”

Hapo Bénite aliketi mbele ya mashine. Akafungua hesabu ya zamani: elfu tano mia mbili na kumi na wanne. Akafungua ya sasa: elfu nne mia sita na wawili. Watu mia sita na kumi na wawili walikuwa wamefutwa. Bila shaka baadhi yao waliandikwa mara mbili kweli. Wengine walikuwa akina Kambale, akina Masika, akina Paluku, waliotoka wilaya moja na kubatizwa majina yale yale, na yeye amewageuza watu wawili kuwa mmoja. Akakimbilia kwa Kavira. Kavira alikuwa na kosa lilelile, neno kwa neno, maana ndiyo kazi aliyopewa. Nakala yake ilikuwa kioo tu. Hakuna mahali popote alipokuwa ameweka orodha ya jana.

Akaenda ofisi ya kanisa, akamwita Sadrack kwa phonie, ile redio ya masafa marefu iliyowaunganisha watu wa Kivu wakati ule. Akamwomba arudishe madaftari. Sauti ya Sadrack ilikuja na mikwaruzo.

“Mama Bénite, batu walikosa kuni kavu. Ile madaftari waliwashia moto. Pardon. Na tena Jumatatu batoto ya shule banarudi, donc wakimbizi banatoka mu madarasa. Kila mutu ataenda pale atapata. À vous.” Ndivyo walivyosema kwenye phonie kumpa mwenzao zamu.

Alirudi nyumbani akiwa na hasira, na hasira hiyo yote aliielekeza kwake mwenyewe. Orpa bado alikuwa amesimama pale pale alipomwacha. Bénite alimweleza bila kuzunguka: ni mimi nimemfuta mwanao, nilibonyeza mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo, na uso ulimwaka alipokuwa akisema. Orpa hakumlaumu wala hakumsamehe.

“Sasa unafanya nini?” akauliza.

“Naenda Beni. Naandika batu upya, mumoja mumoja, mbele ya Jumatatu.”

“Tunaenda,” alisema Orpa.

Jéthro alirudi jioni na lori tupu. Akamkuta mkewe anafunga Masika ndani ya blanketi. Betri nne zilikuwa tayari mlangoni, pamoja na mashine ya kugeuza umeme na mtungi wa mafuta. Hayo aliyaelewa. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini spika zake zilikuwa zimelazwa uani, na televisheni ilikuwa imevikwa godoro la mtoto.

“Mama Rébecca,” alimwita mkewe kwa jina la binti yao, kwa upole wa hatari. “Ile télé inaenda wapi?”

“Mulekera. Karatasi imeisha, na batu hawatajua kama nimefika. Nikiweka majina ku télé, bataiona bote. Nikisema mu baffle, bataisikia bote.”

“Njia ya Beni, na mashimo yake, na télé yangu?”

“Télé yetu.”

Jéthro alikaa kwenye ngazi. Jumamosi alikuwa amewaalika wazee wa kanisa waje kuangalia filamu ya Musa. Alifikiri kidogo, akavua kofia, akaivaa tena.

“Utaendesha weye?”

“Weye.”

“Ndiyo maana nilikuoa,” akasema Jéthro, akaenda kutafuta kamba. Alimpenda sana mwanamke yule, na hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Waliondoka Ijumaa alfajiri, Orpa akikaa katikati yao. Vizuizi viwili vya kwanza walipita kwa salamu tu. Kwenye cha tatu askari mmoja alipanda juu ya lori, akafunua blanketi, akaona waya.

“Oyo nini? Bozokende wapi?” akauliza kwa Kilingala, hicho ni nini na mnakwenda wapi, na kidole chake hakikuwa mbali na bunduki. Waya nyingi, betri nyingi: kwake zilikuwa mitambo ya adui. Bénite aliona maneno hayatasaidia. Akashuka, akaunganisha betri, akawasha mashine ya VCD na televisheni pale pale juu ya lori, kwaya ya akina mama ikaanza kuimba na kuyumba na sare zao za njano. Askari watano wakaja. Wakakaa chini. Wimbo wa kwanza ulipokwisha wakataka wa pili, na wa pili ulipokwisha mkubwa wao akatangaza kwamba mitambo hii haina ubaya, ila ibaki hapa mpaka jioni kwa uchunguzi.

“Chef,” alisema Bénite, “batri inaisha. Batri ikiisha, batu mia sita hawana majina. Mama huyu anatafuta mutoto. Weye uko na mama?”

“Iko,” alisema yule mkubwa, bila kupenda.

“Akikutafuta, aulize nani?”

Askari yule alitazama televisheni mara ya mwisho. Kisha akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Mulekera walifika saa nane. Sadrack aliwapokea akiwa ameinamisha kichwa, akataka kuomba radhi tena kuhusu madaftari, Bénite akampa kalamu na kumwambia achane na madaftari. Televisheni iliwekwa barazani mwa shule, juu ya madawati mawili. Masika aliunganishwa nayo kwa kadi iliyotolewa ndani ya Kavugho, ile iliyompa Jéthro filamu zake. Mashine ya VCD ilikuwa na tundu la kipaza sauti, la wale wanaopenda kuimba juu ya nyimbo za watu, na kwa mara ya kwanza tundu hilo likapata kazi ya maana. Watoto walijaa kwanza, wakidhani filamu inaanza. Nyuma ya watoto wakaja mama zao, na nyuma yao wanaume, ambao walijifanya wanapita tu.

Bénite alishika kipaza sauti. Hakuwa mtu wa kuhutubia, akaanza pasipo salamu.

“Miye njo niliandika liste. Niliharibu. Nilifuta batu bengi. Sasa tunaanza upya. Bale ba Kambale, musimame!”

Walisimama. Wazee walisimama, vijana walisimama, vitoto vya miaka mitatu vilisukumwa na dada zao vikasimama. Mwanamume mmoja aliyekuwa akinyolewa alisimama na nusu ya kichwa. Walikuwa themanini na zaidi katika uwanja mmoja wa shule. Kwanza kikaja kicheko, kicheko kikubwa ambacho watu wale hawakuwa wamekipata tangu wakimbie, kisha kikafifia, kwa kuwa kila mmoja aliona ilivyo rahisi kupotea humo. Bénite aliinua tena kipaza sauti.

“Kambale ni jina ya zamu,” alisema. “Leo minaandika mama. Kila mutu aniambie: mama yake ni nani, alitoka kijiji gani, alikimbia na nani.”

Ndivyo walivyofanya. Aliongeza safu moja katika orodha, safu ya mama, na safu hiyo ikawatenganisha watu waliokuwa wameshonwa pamoja. Kambale wa Mariette. Kambale wa Élise, wa kijiji cha mtoni. Kambale wa Élise mwingine, wa njia panda. Orpa alipanga mistari na kuwapigia kelele waliorukia zamu. Sadrack alihakiki tahajia. Jéthro aliwasha injini ya lori mara kwa mara ili betri zisife, akilalamikia mafuta, na kila baada ya saa moja akapita nyuma ya televisheni kuhakikisha haijapata mkwaruzo. Jumamosi nzima walifanya kazi hadi giza. Jumapili baada ya ibada wakaanza tena. Majina mapya yalipokuwa yakipanda kwenye kioo, watu walipiga kelele: huyo ni shangazi yangu, yuko mtaa wa Beu, nilimwona sokoni! Mama mmoja na binti yake walikutana hapo hapo, walikuwa wamelala juma zima katika madarasa mawili yanayofuatana. Binti alikuwa Masika, na mashine ilikuwa imemfuta kwa ajili ya Masika wa mtu mwingine.

Lakini kila Kambale aliyekaribia meza, Orpa aligeuka kumtazama, na kila mara akarudi kwenye mstari wake.

Jumapili jioni alikaribia mwanamume mrefu mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Kambale Edmond, alisema, Mambasa, miaka arobaini na mmoja. Bénite aliacha kupiga.

“Ni weye,” alisema. “Weye njo mashine ilibakisha.”

“Minajua,” alijibu mtu yule kwa huzuni. “Nilikuwaka na ndoyi yangu hapa, kijana wa jina langu kamili. Tulilala darasa moja. Liste ilipobandikwa, akaisoma, akaona miye niko, yeye hapana. Akasema: mama yangu akikuja atasoma myaka, ataona hapana miye, atafikiri nimekufa, atarudia njiani. Nilimuambia angoja. Alikataa. Yeye alirudi Mangina, juzi, kumungojea mama yake ku njia.”

Orpa alisikia yote. Alikaa chini palepale mchangani, yeye ambaye siku zote za kuandika alikuwa amesimama. Bénite alijua kwamba Mangina kulikuwa na watu waliovuka na kurudi msituni kutafuta ndugu, na wengine hawakuonekana tena. Hakujipa nafasi ya kuwaza zaidi.

“Sadrack. Mangina iko na phonie?”

“Ku zahanati. Asubui, saa mbili tu.”

Jumatatu asubuhi, wakati wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaingia uwanjani na mikoba yao na wakimbizi wanatoka na mikeka yao, Bénite, Orpa na Sadrack walikuwa mbele ya phonie ya kanisa la Mulekera. Jéthro alibaki kufunga vitu. Mangina iliitika. Bénite alisoma taratibu: Kambale Edmond, wa Orpa, miaka kumi na tisa. Mtu wa zahanati akasema atatuma mtu kando ya barabara, wasubiri. Wakasubiri. Mikwaruzo tu ilisikika, na mtu wa mbali akiulizia dawa za kuhara. Orpa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Robo saa ikapita, ikapita ya pili, Sadrack akaanza kutazama saa yake, na Bénite akamwambia asithubutu kuizima.

Kisha sauti changa, yenye pumzi za mtu aliyekimbia:

“Allô? Miye Edmond. Ni nani ananitafuta?”

Bénite alimpa Orpa kipaza sauti na kumwonyesha pa kubonyeza. Mama alibonyeza mara mbili kabla sauti haijatoka.

“Ni miye. Mama. Niko Beni.”

Upande wa pili kijana alilia, na mtu wa zahanati akasikika akicheka na kumwambia abonyeze, abonyeze ndipo aongee. Bénite alilia pia, bila kuficha, huku Sadrack akijifanya anatengeneza waya. Furaha ile ilimjaa hadi akataka kukimbia nje kumwita Jéthro. Ndipo kijana akarudi:

“Mama, nakuya leo na pikipiki. Yaya Paluku iko na weye? À vous.”

Bénite aligeuka kumtazama Orpa. Siku tatu alikuwa ameandika akina Kambale kwa makumi, na safu ya mama, na safu ya kijiji. Kila Kambale ana yaya, kaka aitwaye Paluku, aliyemtangulia. Hakuwa amemwuliza Orpa.

Orpa alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Alipobonyeza, sauti yake ilikuwa thabiti.

“Kuya, mutoto yangu. Kuya tu. Tutaongea.”

Akakirudisha mezani, akajifunga kitambaa chake upya, akatangulia nje. Televisheni ilikuwa tayari imepanda lorini, lakini Masika alikuwa bado barazani, anawaka kwa betri ya mwisho. Orpa akasimama kando ya meza.

“Andika.”

“Nimeshaandika Edmond, mama.”

“Andika na Paluku. Paluku Gédéon. Myaka makumi mbili na tatu. Mama yake, Orpa.”

Bénite aliketi. Orodha ile ilikuwa ya walio hai wanaotafutana, na kamati ingeuliza, naye alikwisha amua kwamba kamati ikiuliza atajibu. Akaandika Paluku Gédéon, Mambasa, miaka ishirini na mitatu, wa Orpa. Alipofika safu ya mwisho, ya mahali alipo mtu sasa, akairuka. Mashine ilikataa kuhifadhi mstari wenye pengo. Akajaribu tena, ikakataa tena, na aliona aibu kumgeukia mama yule na swali kama hilo.

Orpa alikuwa ameshasoma kioo.

“Weka Biakato, ku kivuko, chini ya mawe tatu,” alisema. “Ni miye nilimuzikaka. Yeye hapana wa kutafuta, minajua pale iko.”

Bénite akaandika hivyo hivyo, na mstari ukakubaliwa.